Maswali ya wasomaji: Unatoka Castleton, unarudi Castleton

Toleo lililopita niliandika aya tatu tu juu ya matembezi yangu ya kila mwezi kuzunguka kijiji cha Castleton, huku Derbyshire, Uingereza. Nilidhani nimejaza nafasi, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja kutoka Temeke, Leeds, Muscat na Lushoto, na moja kutoka kwa dada yangu mwenyewe, ambaye hakuuliza swali lolote ila amenisuta kwa kupanda milima na magoti yangu haya. Hiyo siijibu hapa. Kwa wageni wa safu hii: mimi ni nesi mstaafu, mzaliwa wa Bumbuli, na nimekaa Sheffield miaka 27.

*Shangazi, nimeisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Unapanda treni, unashuka, unatembea saa nne kwenye matope, halafu unajikuta palepale ulipoanzia. Sasa ulikuwa unakwenda wapi?*
*Mpwa wako wa hiari, Temeke*

Sikuwa ninakwenda popote, mpwa wangu. Wala usione haya kuuliza, maana hata mimi niliuliza. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mwenzangu wa zamu alinialika kutembea Jumapili. Yeye alisema kwa Kiingereza, mimi nikasikia kwa Kiswahili: kutembea, yaani kumtembelea mtu. Nikavaa gauni la kitenge na viatu vya kisigino kifupi, nikabeba na kilo mbili za sukari za kumpelekea mwenyeji. Baada ya saa mbili za kupanda na kushuka nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza, "Tunakwenda kwa nani?" Akasema tunarudi kwenye gari. Sukari ile niliizungusha mlima mzima nikarudi nayo nyumbani, na hadi leo yule mwenzangu hajui ilikuwa yake.

Kwetu Bumbuli kila njia ilikuwa na kazi yake. Hii ya mtoni, ile ya sokoni, ile ya shule, na ile ya juu migombani unaipita ukienda kilioni. Mtu mzima akionekana anakizunguka kijiji hana mzigo, hana mgonjwa wa kumwona, jioni ileile watu wanaanza kuulizana anamwanga nani. Kwa hiyo nakuelewa.

Lakini huku watu wa viwandani, wa Sheffield na Manchester, walikuwa na siku moja tu ya kutoka kwenye moshi, na siku hiyo haikuwa na shughuli. Walitaka njia ya kuwatoa na kuwarudisha kituoni kabla ya treni ya mwisho. Mduara unafanya hivyo bila kukulazimisha kukanyaga mahali mara mbili. Ukienda na kurudi kwa njia moja, nusu ya pili ni kibarua tu. Ukizunguka, kijiji unakiona pande zote, kama mtu anayemkagua mbuzi mnadani: kwanza mgongo, halafu ubavu, mwisho meno.

*Mama, sisi ni familia ya watoto watatu. Nimemwonyesha mume wangu makala yako akasema tukipita kwenye mashamba ya watu tutaitiwa polisi, na weusi wetu huu ndiyo kabisa. Ile ardhi ni ya nani?*
*Mama Watatu, Leeds*

Ardhi ni ya mwenye shamba. Njia ni yako wewe, mumeo, na hao watatu.

Ngoja nifafanue, maana hili ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote kulikubali moyoni. Katika Uingereza na Wales kuna njia za umma zinazofika takribani kilomita 225,000, nyingi zikipita katikati ya mashamba ya watu binafsi, nyuma ya mazizi yao, na mara nyingine mbele ya dirisha la jiko mama akiosha vyombo. Kila halmashauri ina ramani rasmi ya njia hizo. Kisheria njia ile ni barabara kama barabara nyingine, ila gari halipiti. Mkulima ana ruhusa ya kulima juu ya njia inayokatiza katikati ya shamba lake, lakini anatakiwa kuirudisha ndani ya siku 14, iwe na upana usiopungua mita moja, na mimea isisimame juu yake. Ukikuta ngano imesimama katikati ya njia, aliyekosea si wewe.

Utaijuaje njia? Tafuta mshale mdogo uliopigiliwa kwenye nguzo au geti. Wa njano ni wa waendao kwa miguu. Wa bluu ni wa miguu, farasi na baiskeli. Ukutani utakuta mawe mawili matatu yametokeza kama ngazi ili uruke upande wa pili, au geti dogo linalocheza ndani ya kizimba, mtu anapita mmoja mmoja na kondoo hapiti kabisa. Geti hilo wanaliita geti la kubusu, kwa sababu mlango wake unagusa huku ukaachia, ukagusa kule ukaachia. Watoto wako watalipenda kuliko mlima. Geti lolote uliache ulivyolikuta: lililofungwa lifunge, lililoachwa wazi liache wazi, maana huenda mifugo inakwenda kunywa maji.

Nunua na ramani ya karatasi. Ya eneo hili ni ile ya Ordnance Survey iliyoandikwa OL1, sentimita 4 kwa kilomita 1, na njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani. Simu ni nzuri, lakini baridi inaila betri na vidole vyenye glavu havibonyezi kitu.

Mwambie mumeo pia kwamba haki ya kutembea huku haikudondoka kutoka mbinguni. Ng'ambo ya Castleton kuna uwanda wa juu unaitwa Kinder Scout, ambao zamani ulifungiwa raia ili matajiri wawinde ndege. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana mamia kadhaa, wengi wafanyakazi wa viwandani, waliupanda kwa makusudi. Mmoja wa viongozi wao, Benny Rothman wa Manchester, alikuwa na miaka 20. Walikamatana mashati na walinzi wa wanyama, na vijana watano wakafungwa jela. Sheria ya hifadhi za taifa na kuingia mashambani ilikuja mwaka 1949, na mwaka 1951 Peak District, ambako Castleton ipo, ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza nchini. Kila nikifika kileleni nautazama ule uwanda upande wa pili wa bonde na kuwawazia wale watoto wa watu waliolala rumande kwa sababu ya kutembea.

Kuhusu weusi, nitasema niliyoyaona mwenyewe. Watu wanatazama. Wengi ni kwa udadisi tu, wachache si kwa udadisi. Wasalimie wewe kwanza, neno moja tu la asubuhi njema, wala usisimame. Wao hawasimami kuulizana habari za nyumbani, na ukisimama watadhani una tatizo. Mwaka mmoja tulikuwa wanawake wanne wenye mitandio, ramani iko mkononi mwangu, mzee mmoja akatusogelea akauliza kama tumepotea. Nikamjibu, "Hapana, baba, je wewe?" Alicheka mpaka akakaa chini. Tulimmiminia chai ya tangawizi, akakohoa kidogo, akaomba tena. Si kila siku inakwenda hivyo. Lakini mshale wa njano hauulizi mtu ametoka wapi.

*Dada, sisi ni vijana watano hapa Rotherham, tunatoka jamaa moja ya msikitini. Tupe njia yenyewe, pakuanzia na pakuishia, na tuvae nini. Na swala je?*
*Watano, Rotherham*

Shikeni kalamu.

Kutoka Sheffield pandeni treni ya kwenda Manchester inayosimama vituo vidogo. Mtaingia handaki la Totley, zaidi ya kilomita 5 gizani, mkitoka mmekwisha kuwa Derbyshire. Shukeni Hope, kama nusu saa tu. Toka Hope fuateni njia ya mabondeni kando ya kijito kinachoitwa Peakshole Water hadi Castleton, kama kilomita 3, tambarare. Bomba la kiwanda cha saruji litawaangalia upande wa kushoto. Watu wa picha hulichukia, mimi nimelizoea. Linanisaidia kujua niko wapi.

Castleton yenyewe ni kijiji cha mawe ya kijivu chini ya ngome ya karne ya 11, Peveril. Chini ya ngome kuna pango kubwa ambalo jina lake la kienyeji ni matako ya shetani, mniwie radhi, ndivyo linavyoitwa. Mdomoni mwa pango hilo mafundi walisokota kamba kwa mamia ya miaka. Mimi mtoto wa mkoa wa Tanga, niliyekua nikinusa mkonge kila tulipoteremka Korogwe, nilisimama mbele ya vifaa vyao nikajiona niko nyumbani.

Mduara unaanzia nyuma ya nyumba, Cave Dale. Mlango wake ni mwembamba, jabali huku na jabali huku, halafu unafunguka bonde lenye ngome juu ya kichwa chako. Hapo chini ni mawe ya chokaa yaliyolainishwa na miguu na maji. Yakilowa yanateleza kama sabuni. Niliwahi kuanguka hapo mbele ya kundi la wanafunzi, na hakuna kilichovunjika ila heshima. Mkimaliza kupanda mnatokea kwenye malisho mapana yenye kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, mnafuata mishale kuelekea magharibi, halafu kaskazini, mnavuka barabara, mnapita kilima kidogo cha Windy Knoll, na mbele yenu ndiyo Mam Tor.

Maana ya jina hilo inasemekana ni Mlima Mama. Wanangu, mnaona wenyewe kwamba kwa sisi Waswahili halihitaji mkalimani. Una mita 517, na kileleni bado yapo mahandaki ya ngome ya watu wa kale. Upande wake mmoja umeporomoka na unaendelea kuporomoka, tabaka za mwamba laini chini ya mwamba mgumu, ndiyo maana wanauita pia mlima unaotetemeka. Barabara kuu ilikuwa inapita pale chini yake. Waliitengeneza, ikavunjika, wakaitengeneza tena, hadi mwaka 1979 wakasalimu amri wakaifunga moja kwa moja. Ipo hadi leo, lami juu ya lami, imepasuka na kukunjika, mistari nyeupe ya katikati inaishia hewani. Mimi nimezaliwa kwenye milima inayomeguka kila masika, barabara za kwetu zimefanya hivyo nikiwa mdogo, lakini sikuwahi kuona serikali ya Kizungu imeshindwa na udongo. Ilinifariji kwa namna ambayo si nzuri kuieleza.

Juu ya Mam Tor fuateni mgongo wa mlima kuelekea mashariki, mawe bapa yametandikwa ili miguu yetu isiumalize mlima. Kushoto bonde la Edale, kulia Castleton. Upepo hapo hauna adabu. Mtandio uufunge kwa pini, kofia iwe na kamba. Baada ya kilomita moja na nusu hivi kuna mteremko mdogo wenye nguzo fupi ya mawe, Hollins Cross. Kabla Edale haijapata kanisa lake katika karne ya 17, watu wa bonde lile walibeba maiti zao wakapandisha hadi hapo, wakateremka upande wa pili kwenda kuzika. Nikikaa pale kula chapati yangu hukumbuka njia ile ya migombani kwetu na jeneza likipokezanwa mabegani. Toka hapo shukeni kulia. Iko njia inayonyooka hadi Castleton, na iko inayozungukia kwenye ile barabara iliyovunjika. Chagueni ya pili.

Mduara wote, toka Castleton hadi Castleton, ni takribani kilomita 10, na kupanda ni kama mita 330. Mskoti mmoja, Naismith, aliweka hesabu mwaka 1892 ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo saa mbili na nusu. Kwa vijana watano wenye simu za kupiga picha, wekeni nne, halafu ongezeni ile ya kwenda na kurudi kituoni.

Mavazi: buti zenye meno chini, soksi za sufu, koti la mvua hata kama mbingu ni nyeupe pe. Jinzi acheni, ikilowa haikauki na inakuwa nzito kama deni. Chakula msibebe cha kupasha moto. Kachori, mayai ya kuchemsha, ndizi, chupa ya chai.

Swala: mtakuwa na udhu wenu toka Castleton, kuna choo cha umma. Kibla kutoka huku ni kusini-mashariki, na Mam Tor inawaonyesha waziwazi, maana ukiwa juu ya mgongo wa mlima unaelekea upande wa Castleton. Salini pembeni ya njia, nyuma ya mwinuko, kanzu na upepo havipatani. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, basi hesabuni vizuri Adhuhuri na Alasiri zisiwakimbie. Juni mna nafasi hadi saa tatu na nusu za usiku.

*Je, naweza kwenda na kigari cha mtoto?*
*B., Sheffield*

Hapana. Cave Dale italikula gurudumu la kwanza kabla hujafika chini ya ngome. Mfunge mgongoni kwa kanga kama alivyokufunga mama yako. Kigari kitafaa kwa kutalii kijijini tu.

*Bibi, mwanangu anasoma Manchester na mwezi wa Juni nakuja kumwona. Amenitishia safari hiyo. Mimi simwogopi mtu wala mlima, ila ng'ombe nawaogopa toka utotoni, na mbwa pia. Nifanyeje?*
*Mama wa mwanafunzi, Muscat*

Woga wako una akili, shoga yangu. Wapo watu huku hufa kwa kukanyagwa na ng'ombe, na mara nyingi ni ng'ombe wenye ndama, si fahali.

Fahali sheria imemwekea mipaka. Fahali wa aina za maziwa, aliyepita miezi 10, haruhusiwi kuachwa kwenye shamba lenye njia ya umma. Wa aina nyingine anaruhusiwa akiwa pamoja na majike, kwa kuwa anakuwa na shughuli zake. Ukiona kibao cha kuonya, kiamini.

Majike yenye ndama: usipite katikati ya mama na mtoto wake. Zunguka mbali hata kama unaiacha njia kidogo, sheria haitakugombeza kwa hilo. Tembea polepole, usikimbie, usipige kelele, usiwape mgongo mpaka uwe umepita. Mitamba ni wadadisi tu, watakuja mbio wote ishirini wakusimame mbele wakupumulie. Nyoosha mikono upande na upande ujifanye mpana, sema nao. Mimi huwasemesha Kishambaa. Wanaelewa.

Mbwa wa watu wengine mara nyingi wamefungwa kamba, hasa wakati kondoo wana watoto. Na ikiwa mwanao ana mbwa wake na ng'ombe wakaja kwa hasira, mwachieni mbwa. Ng'ombe wanamtaka yeye, na yeye anakimbia kuliko wewe.

*Dada, nakusoma nikiwa Lushoto. Unaandika juu ya njia za Wazungu, sisi ya kwetu imefungwa. Kutoka kitongojini hadi kisimani tulikuwa tunapita kando ya shamba moja, bibi yangu alikuwa anapita hapo na ndoo kabla mimi sijazaliwa. Mwaka huu mwenye shamba mpya ameweka seng'enge. Anasema hakuna karatasi inayosema ni njia. Tunazunguka nusu saa. Hiyo sheria ya huko inaweza kutusaidia?*
*Mwana wa mlimani*

Sheria ya huku haivuki bahari, mdogo wangu. Ila jinsi wanavyoitumia, ichukue.

Kuna kijiji kingine huku, sikitaji, ambako mwenye shamba alipiga mnyororo na kufuli kwenye geti la njia ninayoipita. Sikugombana naye. Nilipiga picha, nikaandika mahali hasa kwa namba za ramani, nikapeleka halmashauri. Ilichukua miezi saba na barua nne, mnyororo ukatoka. Hapo nilikuwa na bahati, njia ilikuwa kwenye ramani rasmi. Ambayo haiko kwenye ramani nayo ina mlango wake: sheria ya barabara ya mwaka 1980 inasema, kwa kifupi, kwamba umma ukipita mahali miaka 20 waziwazi, bila kuomba ruhusa na bila kutumia nguvu, na mwenye ardhi hakuonyesha kwamba anakataa, panahesabiwa kuwa njia ya umma. Na ushahidi wake unatoka kwa watu. Kila aliyepita anajaza fomu: nilianza kupita mwaka gani, mara ngapi kwa wiki, nilikuwa nakwenda wapi, nilimwona nani mwingine. Vikongwe wa miaka 80 wanaandika walivyopita hapo wakiwa wanafunzi.

Kwenu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na baraza la ardhi la kijiji lipo kwa ajili ya kusuluhisha migogoro kama huu. Msiende mikono mitupu, wala msiende kukata waya usiku. Mkikata, kesi itakuwa ya waya na njia itasahauliwa. Nendeni na daftari. Andikeni nani amepita, tangu mwaka gani, akiwa na nini kichwani. Mchoreni njia yenyewe, na mti, na jiwe la kupumzikia kama lipo. Wazee wasiojua kuandika waseme, vijana waandike, kila mmoja aweke dole gumba.

Hukusema kama bibi yako yupo hai. Kama yupo, jina lake liwe la kwanza.